504 ya marehemu baba imekaa chini ya mwembe tangu 2011, nianzie wapi?

mwana_muheza
Wakuu habari za jioni. Nina Peugeot 504 ya marehemu baba, ya petroli, kabureta, ipo nyumbani Muheza chini ya mwembe tangu 2011, haina hata turubai, mvua yake jua lake. Ilipaki ikiwa nzima, mzee aliumwa tu akawa haendeshi tena. Ndo iliyokuwa inanipeleka shule, wa vyuma chakavu wanapita kila wiki nawakatalia. Kijana mmoja wa gereji anasema ninunue betri, nitie petroli lita tano tuisukume itawaka. Roho inasita. Nifanyeje?

fundi_mstaafu
Pole kwa mzee mwanangu. Usiisukume, na betri usifunge kwanza. Gari ikikaa hivyo ringi za pistoni zinaweza kushikana na silinda kwa kutu, ukilazimisha unavunja ringi na hapo unaanza kutafuta hela ya ovahoo. Fungua plagi zote nne, kila tundu mimina kama vijiko viwili vya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) iliyochanganywa na dizeli, acha siku tatu nne, kila asubuhi ongeza kidogo. Halafu shika nati ya puli ya mbele kwa spana ya mpini mrefu, zungusha kwa mkono, mbele nyuma, taratibu, ikigoma usigombane nayo, ongeza mafuta ukalale.
Na chomoa stiki ya oili uiangalie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, hilo kwenye 504 lichunguze sana maana laini zake (mikono ya chuma ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zimesimama ndani ya maji ya rejeta, sili za chini zikichoka maji yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).
Ikizunguka, badili oili na filta, chomoa waya wa koili, plagi zikiwa bado nje ndo upige stata mpaka taa ya oili izime.

kabureta_moja
Naongezea hapo kwa fundi. Petroli ya 2011 sio petroli tena, imeshakuwa kama vanishi, usitie mpya juu yake. Mimi nilitia kwenye Datsun ya mjomba, ikawaka dakika kumi tukashangilia, ikazima, kutu yote ya tangi imeingia kwenye pampu na kabureta, nilifungua kabureta mara nne mkuu. Mwaga yote. Kuwasha mara ya kwanza tumia kidumu safi na mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu, kidumu kikae mbali na ekzosi, kizimamoto kiwe mkononi.

mama_wa_korogwe
Mwanangu, wote wanakwambia kuwaka, mimi nakwambia kusimama. Mafuta ya breki yanavuta unyevu, mastasilinda (pampu kuu ya breki) na wili silinda (pampu ndogo za kwenye magurudumu) zinaota kutu kwa ndani, mipira yake inavimba huoni kitu kwa nje. Hata ikiwaka vizuri usitoke nayo getini kabla hujafungua breki zote. Tairi nazo usizitazame kashata (meno yake), soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na DOT ubavuni, ndo wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2309 ni wiki ya 23 ya 2009, hata kashata iwe nzima hizo toa. Na boneti fungulia kwa fimbo ndefu, sisi tulimkuta nyoka juu ya betri.

mwana_muheza
Asanteni sana wazazi wangu na wakuu. Nyoka hakuna, ila kopo la filta ya hewa limejaa kiota cha panya, vitambaa na kokwa za maembe. Stiki imetoka nyeusi, haina weupe. Tangini imetoka kama lita sita, nyekundu kama chai ya rangi, inanuka rangi ya mlango. Leo siku ya tano ya ATF, asubuhi nimeweka spana, nikaegemea kidogo, ikalia "kwii" ikaenda robo mzunguko. Nikaita mama aje aone. Amesimama pale kashika mlango wa dereva, hajasema kitu. Kesho naendelea, nitaleta picha za breki.