Tuliitwa kuokoa ndege, tukapewa mapanga tukate viota vyao. Hii hifadhi ya huku Mwanza imenichosha

Wakuu heshima kwenu. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, ila mimi leo lazima niseme maana nikilala nalo hili jambo nitapasuka.

Leo asubuhi nimeamka nakuta meseji kwenye grupu la wasapu la sisi tunaojitolea kwenye hifadhi moja ndogo ya ardhioevu huku kandokando ya ziwa (jina sitaji, na wewe ukihisi unaijua kaa nalo). Meseji inasema Jumamosi saa moja asubuhi tukutane wote, magugu maji yamevamia eneo la mbele, kila mtu aje na panga lake, glovu zake na maji yake ya kunywa, uzalendo kwanza. Na vikono viwili vya kuomba dua pale mwishoni.

Yamevamia! Kama vile yameshuka kutoka mbinguni usiku watu wamelala. Wakuu hayo magugu hayajavamia, yamekaribishwa na kutandikiwa mkeka, na aliyeyakaribisha ndo huyohuyo katuma meseji.

Ngoja nianzie mbali kidogo.

Mimi ni fundi simu, sina cheti chochote cha wanyamapori, mwaka wa tatu huu najitolea pale. Nilipelekwa na binamu yangu siku moja nikiwa sina kazi, nikaazimwa darubini nikaambiwa mwangalie huyo mdiria. Yule mweusi na mweupe, yupo kila mahali ziwani, nimekua namuona tangu mtoto. Sasa kwenye darubini ndo nikamuona anavyosimama hewani palepale, mwili unapiga mabawa lakini kichwa hakitikisiki hata kidogo, anapima, halafu anajitosa kama jiwe na kutoka na dagaa mdomoni. Nikaisha hapohapo. Watu wa ziwani tuna hii tabia, tunaona ndege kila siku lakini hatuwaangalii, ukimuuliza mtu wa Mwanza atakutajia yale makorongo yenye upara yanayogombania matumbo ya samaki mwaloni, basi.

Kazi yetu ni nini? Jumamosi nyingi ni kuokota chupa za plastiki na vipande vya nyavu, hasa timba, hizi nyavu za uzi wa plastiki ambazo ni haramu lakini zipo tele. Timba likichanika mvuvi analitupa, linaenda kunasa kwenye matete na linaendelea kuvua lenyewe, ndege anayeitwa mnandi anazama kufuata samaki hatoki tena. Nimeshakata uzi shingoni mwa mnandi aliye hai huku ananitoboa mkono kwa lile domo lake la ndoano, kovu ninalo hapa. Silalamikii hilo, nilikuwa na raha siku ile kuliko siku ya mshahara.

Alafu kuna kuhesabu. Kila Januari katikati dunia nzima inahesabu ndege maji, kitu kilianza 1967 huko Ulaya na huku Afrika kikaingia 1991. Inafanywa Januari kwa sababu wageni wa kutoka Ulaya na Asia, akina chekeamwezi na wenzao, wanakuwa wametulia huku kwetu wanakula, hawajaanza safari ya kurudi. Mnasimama sehemu ileile ya mwaka jana, mmoja anaangalia mwingine anaandika, kundi likiwa kubwa unahesabu kumi, unashika ukubwa wa hao kumi kwa macho, unapima hizo kumi zinaingia mara ngapi kwenye kundi. Darubini tunayo moja tu nzima, ya pili jicho moja limeota ukungu ndani. Tunaamka saa kumi usiku kwa nauli zetu. Daftari letu la mwaka juzi tukampa bosi wa hifadhi, huyo wa meseji, ripoti ikatoka imepambwa na mapicha, ndani kuna heroe (flamingo). Heroe wakuu! Heroe wa magadi ya ziwa Natron huko, sisi pale hatujawahi kuona hata unyoya wake. Sijui walikopi ripoti ya nani. Tukacheka yakaisha, na pale ndo tulipokosea, tulitakiwa tukasirike siku ile.

Sasa mafunjo.

Mbele ya hifadhi, kati ya nchi kavu na maji, kulikuwa na ukanda wa mafunjo marefu kuliko mtu, mazito hata mbwa hapiti. Asiyejua anaona pori. Mle ndani maji hayana hewa ya kutosha, sangara hawezi kukaa, ndo maana furu, hawa samaki wadogo wa asili wa ziwa, waliosalimika baada ya sangara kuletwa ziwani miaka ya 1950 na 60 wengine wamejificha humohumo, pamoja na kamongo ambaye yeye anavuta hewa juu kama sisi. Kuna mzee wetu mmoja alivua Ukerewe ujana wake wote, anasema zamani ukitaka kujua ziwa linaumwa au zima unanusa mafunjo. Tope na mbolea ya mashambani na uchafu wa vyoo vya huko juu vikishuka na mvua vinakwama kwenye mizizi ya mafunjo, maji yanafika ziwani yamechujwa. Na kuna ndege ambao nje ya mafunjo hawaishi. Mmoja anaitwa gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, kifua chekundu kabisa, utosini njano kama kavaa helmeti ya mjenzi, duniani kote yupo kwenye mafunjo ya nchi hizi zetu chache tu. Tumemtafuta pale miaka miwili hatujampata. Binamu yangu ana sauti yake kwenye simu, alikuwa kila akifika anaitega sikio kule kwenye mafunjo kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Mwezi wa nne tukaitwa Jumamosi, kazi maalumu. Tumefika tunakuta mapanga mapya yamepangwa chini na fulana zimeandikwa MLINZI WA ARDHIOEVU. Bosi anasema wageni wanalalamika hawaoni ziwa, kuna mfadhili yuko tayari kujenga jukwaa la kupigia picha, kwa hiyo leo tunafungua mwonekano. Neno lake hilo, kufungua mwonekano. Mvua za masika, wakuu, ndege wote wanalea!

Na mimi nilikata. Sitaki kujisafisha hapa. Funjo halina fundo, ni shina la pembe tatu ndani laini kama sponji, panga likiwa kali pigo moja limeenda, unapata utamu wa kazi, tulikuwa kama ishirini tunashindana na kuimba. Nilikata kama saa nzima nikiwa nimevaa fulana ya mlinzi wa ardhioevu.

Kisha shina moja likaanguka na kitu. Kiota cha mnana, kimesukwa kwa nyasi kikafungwa kwenye mashina mawili kwa ufundi ambao mimi na bisibisi zangu zote siuwezi. Ndani vifaranga viwili, macho hayajafunguka, ngozi ya waridi unaona mpaka tumbo linavyopumua, midomo ina kingo za njano. Nilipokisogeza vikafungua midomo vyote viwili, vikajua mama kaja na chakula.

Mama mwenyewe alikuwa juu ya shina la jirani ana panzi mdomoni. Hakumtupa yule panzi. Anaruka, anatua, anaruka, panzi yupo tu.

Binti mmoja wa chuo akavua kamba za viatu vyake akakifunga kiota kwenye mashina ambayo hayajakatwa. Tukasimamisha kazi tukamfuata bosi. Kaka mkubwa, humu kuna viota, tuahirishe mpaka mvua ziishe. Akacheka, "Dogo, ndege wana mabawa, watahama." Nikamwambia hawa hawana hata manyoya. Akasema mfadhili anakuja Jumatano. Nikamwambia na ile sheria ya mazingira ya 2004, kifungu cha 57, mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu za binadamu zimekatazwa, wewe unataka kumwaga nguzo za zege ndani ya maji kabisa, unajua kanijibu nini? "Hiyo sheria ni ya wananchi, sisi ni hifadhi."

Someni tena hiyo sentensi. Mama anayelima mchicha wake matuta manne pale ng'ambo alifukuzwa na hiyohiyo sheria, na sisi voluntia tulitumwa kwenda kumwelimisha.

Saa tisa tulirudi kuangalia kiota. Sisimizi walishakijua. Kamba za viatu zilikuwa bado zimekaza vizuri.

Jukwaa likajengwa, mfadhili akaja, akapiga picha na ziwa nyuma yake. Mvua zikaendelea, tope la juu likashuka moja kwa moja maana hakuna cha kulizuia, maji pale mbele yakawa rangi ya chai ya maziwa. Gugu maji linataka nini lingine? Maji yenye rutuba, ghuba iliyotulia, na nguzo za kushikilia. Upepo ukayasukuma, yakatia nanga kwenye jukwaa, yanazaliana hatari, likiachwa na nafasi na chakula wiki mbili eneo limeshakuwa mara mbili, na mbegu zake zinalala kwenye matope miaka na miaka. Sasa hivi ukisimama kwenye lile jukwaa la kuonea ziwa, huoni maji, unaona kijani na maua ya zambarau. Mwonekano umefunguka kweli.

Na kuyatoa ndo tumeitiwa sisi. Kwa mikono. Bila gambuti, maana gambuti zilizokuja na mfadhili ziko stoo zinasubiri wageni. Mtu wa Mwanza haambiwi habari ya kichocho, konokono wanaokibeba wanapenda haya haya magugu, ukisimama kwenye maji hadi magotini masaa manne umeshajichangia. Mwaka jana watatu kati yetu tulikutwa nacho, tukameza dawa kwa hela zetu, na nesi akatuambia dawa haiui minyoo michanga kwa hiyo turudi tukapimwe tena. Nilipoomba gambuti kwenye grupu nilijibiwa kujitolea ni moyo. Sawa, moyo ninao. Nilichoomba ni viatu.

Najua kuna watakaokuja kusema mnalalamika nini wakati hamlipwi, acheni mwende zenu. Wengine wameshaacha, binamu yangu tangu siku ile hajakanyaga na ile sauti ya gonoleki kaifuta kwenye simu. Mimi nimebaki kwa sababu daftari la kuhesabia liko kwangu, mistari ya miaka mitatu, na nikiondoka heroe watarudi kwenye ripoti.

Kwa hiyo nina shida mbili. Moja, mwenye kujua utaratibu wa kupeleka lalamiko NEMC (baraza la taifa la mazingira) ofisi ya kanda hapa Mwanza aje anielekeze, naandika barua au naenda mwenyewe, na je wanapokea picha za simu maana ninazo za kabla na baada, tarehe zinaonekana. Mbili, kama kuna mtu amewahi kurudisha mafunjo yakaota sehemu iliyofyekwa, naomba uzoefu wako. Mzee wa Ukerewe anasema ukipata vipande vya mizizi ile minene ya chini ukavipanda ukingoni vinashika, ila lazima jukwaa liondoke kwanza na ng'ombe wasifike.

Jumamosi siendi. Panga lenyewe nimemwazima jirani anakatia kuni.