Mada: Kwenda Mwanza ukiwa kwenye dawa za kushusha kinga

Mama Kulwa, Leicester:
Wapendwa, habari zenu. Desemba nashuka Mwanza, halafu Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa wakwe. Kwa ajili ya baridi yabisi natumia vidonge vya methotreksati kila wiki na sindano ya adalimumabu. Nichanje homa ya manjano? Na watoto wakitaka kuoga ziwani je?

Shangazi wa Nyakato, Birmingham:
Pole na viungo, mama. Homa ya manjano usichanje. Ile ni chanjo ya virusi hai, na sisi manesi hatumpi mtu wa dawa zako. Kadi inadaiwa kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, au aliyesubiri ndege huko zaidi ya saa 12, kwa hiyo ukipitia Nairobi au Addis Ababa usilale njiani. Ya mafua ya sindano na ya nimonia si hai, hizo kachome mapema.

Ziwani msishuke, wewe wala watoto. Kichocho huingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, hata ukikanyaga maji kupanda mtumbwi tu. Najua tumekulia humo!

Nyumbani akiwepo mwenye kikohozi kisichoisha, usilale naye chumba kimoja. Adalimumabu inaweza kuamsha hata kifua kikuu kilicholala mwilini miaka mingi.

Kaka wa Kirumba, Mwanza:
Mimi nilisharudi, niko kaunta ya duka la dawa. Naongeza onyo la Septrin, ile antibiotiki. Mkojo ukichoma, jirani atakutolea kabatini kwake kwa wema kabisa. Kataa. Ikikutana na methotreksati, uboho unaweza kuacha kutengeneza damu, mdomo ukajaa vidonda. Watu wamekufa kwa hilo. SP ya malaria nayo iepuke. Na dukani usiseme "natumia dawa ya viungo", tutaelewa diklofenaki, ile ya maumivu. Andika majina kwenye karatasi, nakala mwachie mwenyeji wako. Homa ikipanda, pima malaria siku hiyohiyo, na usijichome adalimumabu inayofuata kabla hujaongea na kliniki yako.

Mama Kulwa:
Asanteni sana. Na maziwa mgando ya mama mkwe?

Shangazi wa Nyakato:
Yakiwa yamechemshwa kabla ya kugandishwa, kunywa. Yakiwa mabichi, sema daktari wa Uingereza kakataza. Hapo hakuna mkwe wa kubishana.