Naomba ushauri: Sonata ya kwanza ya Brahms, niing'ang'anie au niiache?

Kinanda cha Kwaya
Wakuu, heshima kwenu. Napiga kinanda kwaya ya kanisani, na piano najifunza kwa mwalimu. Mwisho wa mwaka wanafunzi wake tunafanya onesho. Kila mtu anachagua kipande, anakieleza kwa ufupi, kisha anapiga. Moyo wangu umeangukia Sonata (kazi ya piano yenye sehemu kadhaa) ya mtunzi Brahms, ile ya C meja, Opus 1, yaani kazi namba 1. Tatizo ni mikono. Okteva, yaani noti mbili zenye umbali wa noti nane, naifikia kwa kujinyoosha, na ukurasa wa kwanza tu umejaa okteva. Nifanyeje? Na nikisimama mbele za watu nisimulie nini?

Mzee wa Noti
Iache kwanza, mkuu. Chukua mtunzi Beethoven, Sonata ya F maina, Opus 2 namba 1. Nayo ni kazi ya ujanani, ilichapishwa Vienna 1796, na aliitunuku kwa mtunzi Haydn, aliyekuwa amemfundisha. Mkono mdogo unaiweza. Jihadhari na sehemu ya mwisho tu, ile inakimbia kwelikweli.

Dada Piano
Shikamoo Mzee. Ushauri wako ni mzuri, ila mtu akishapenda kipande, atakifanyia mazoezi hata akichoka. Mimi nisingemnyang'anya.

Ndugu, hiyo Opus 1 ya Brahms isikupe picha ya kazi ya kujaribia. Sonata yake ya F-shapu maina, ambayo ni Opus 2, ndiyo iliyotangulia kutungwa, 1852. Hii ya C meja aliikamilisha 1853, akaiona ina nguvu zaidi, akataka dunia imjue kwa hiyo.

Kuhusu simulizi, unayo tele. Brahms alikuwa kijana wa Hamburg, mtoto wa mpiga besi. Mwaka huo wa 1853 alitoka kwao kumsindikiza kwa piano Reményi, mpiga fidla wa Hungaria. Safarini, mjini Hanover, akakutana na Joachim, mpiga fidla mwingine, wakashibana. Ndiye aliyetunukiwa sonata hii. Joachim akamhimiza aende kwa akina Schumann, mtunzi mwenzao. Mwisho wa Septemba akabisha hodi kwao Düsseldorf, akakaa kwenye piano na kupiga sonata hii. Inasimuliwa kwamba Schumann alimkatisha mapema ili amwite mkewe, Clara, naye aje asikie. Oktoba 28 Schumann akaandika gazetini kumtangaza kijana huyo, akizifananisha sonata zake na simfoni (kazi kubwa za okestra) zilizofunikwa shela. Kabla mwaka haujaisha, Breitkopf & Härtel wa Leipzig wakaichapisha.

Februari 1854 Schumann alijitosa mto Rhine. Aliokolewa, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Endenich, akafia humo 1856. Mimi kila nikiipiga sonata hii nakumbuka jinsi muda wao pamoja ulivyokuwa mfupi.

Kinanda cha Kwaya
Asante sana dada. Na mikono je?

Dada Piano
Piga sehemu ya pili peke yake, Andante. Ni ya taratibu, imejengwa juu ya wimbo wa Kijerumani kuhusu mwezi unaochomoza kwa kunyemelea. Fungua nota uone: Brahms ameandika maneno ya wimbo chini ya noti, na ameonyesha wapi anaimba kiongozi na wapi wanaitikia wote. Wewe wa kwaya hilo unalijua tangu utotoni. Sauti ya kiongozi iache peke yake, bila haraka. Kiitikio kikija, jaza. Noti zisizofikika kwa pamoja zivunje, yaani piga moja moja kuanzia chini, pedali ikiwa imeshikilia.

Mzee wa Noti
Marahaba binti. Hapo kwenye Andante nakubali. Mwambie pia wimbo huohuo Brahms aliurudia 1894, akauweka wa mwisho kabisa katika mkusanyo wake wa nyimbo 49 za jadi za Kijerumani. Ila kijana, mwulize mwalimu wako kwanza kama anaruhusu sehemu moja.

Kinanda cha Kwaya
Nimemuuliza, ameruhusu. Naanza na mkono wa kushoto leo jioni.