Mrejesho: ile TV ya inchi 43 au 55

Jamani, mwezi uliopita niliwauliza: sebule yangu hapa Kisauni, kochi liko mita mbili tu kutoka ukutani, nichukue inchi 43 au 55? Nimechukua 43, ya 4K, yaani ile ya picha kali yenye nukta nyingi. Mliosema 55 mnisamehe, hata hii mlangoni tuliipitisha ubavu.

Mpira wauona hadi nyasi. Ila stesheni nyingine za antena picha zake hafifu, na kioo kikubwa chaanika kila doa. King'amuzi cha DVB-T2, kile cha kunasa stesheni za dijitali kwa antena, kumbe kimo ndani, kile cha zamani nimempa shemeji.

Kioja ni mamangu. Kipindi cha zamani cha 4:3, picha ya karibu mraba kama ya TV za kale, kilitoka na mistari myeusi kandokando, akasema nimeuziwa mbovu. Akashika rimoti, akaivuta picha ijae, watu wote wakawa wanene kama mitungi. "Sasa iko sawa," akasema. Nimemwachia.

Jumanne stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo. Ile gadi mliyonishauri, kifaa cha kukinga TV na umeme mkali, ikakata, TV ikapona. Ahsanteni kwa hilo. Sasa natafuta pazia zito, jua la alasiri lapiga kioo hadi najiona mwenyewe.