Mrejesho: Yule niliyekuwa natoka misani nikiwa mkavu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Kabla ya Kwaresima niliwaomba ushauri: nasali kila Jumapili, natoa zaka, lakini narudi nyumbani roho kavu, na parokiani hakuna anayenijua kwa jina. Wengi mlinijibu neno moja: jumuiya, yaani kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Sikufurahi, maana jumuiya nilikuwa naijua kwa michango tu. Nikaenda hivyo hivyo.

Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baraza la mwanajumuiya. Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata, kila mmoja anatamka neno lililomgusa, halafu kimya. Kile kimya ndicho kilichonifungua. Sasa nikifika misani somo nalijua, na homilia (mahubiri ya padri) inaingia.

Wiki ya tatu tulimpelekea bibi mmoja mgonjwa maji, kuni na unga. Nikapewa kazi ya kumshikia kikombe cha uji, mikono yake inatetemeka. Akaniuliza jina, akasema, "Nitakuombea, mwanangu." Nililia njiani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1976 kuzipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, nadhani walimwona mtu kama mimi.

Michango bado ipo, na bado inanichosha, nimemwambia mwenyekiti waziwazi. Kuungama nako nilikokukwepa miaka sita, nimekwenda Ijumaa iliyopita.

Aliyenishauri kuabudu Ekaristi Alhamisi jioni: nimeanza, nakaa nusu saa. Asante sana.