Mjadala: Kiingereza kwenye usaili wa utumishi wa umma kipimwe peke yake, au kiendelee kujificha ndani ya kila swali?

Mtoa mada: Wakuu, kila Sekretarieti ya Ajira inapotoa majina ya walioitwa kwenye usaili, ushauri ni uleule: kanoe Kiingereza. Sibishi kwamba kina kazi yake. Ninachohoji ni mahali kinapopimwa. Matangazo ya ajira yanaruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini ukifika kwenye mchujo wa kada nyingi za shahada, maswali ni Kiingereza mwanzo mwisho. Afisa Maendeleo ya Jamii anaulizwa kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, na anayepita ni aliyesoma swali haraka, si lazima anayeijua mikopo. Nafasi zikiwa chache, alama mbili tu zinakutoa. Halafu huyo aliyepita anapangiwa kata, anakwenda kusimama mbele ya mkutano wa kijiji. Kwa lugha gani?

Mstaafu wa manunuzi: Ndugu yangu, sikubaliani. Mkataba wa barabara unaofadhiliwa na Benki ya Dunia hauji kwa Kiswahili. Ukielewa nusu tu ya kifungu cha fidia ya ucheleweshaji, halmashauri ndiyo inayolipa. Tena msailiwa ana shahada, toka sekondari hadi chuo amefundishwa kwa Kiingereza. Swali la mistari mitatu linamshindaje?

Mwalimu wa kata: Shikamoo mzee. Hilo la "amefundishwa kwa Kiingereza" liko kwenye sera. Darasani naeleza kwa Kiswahili ili waelewe, kisha nawaandikia notsi kwa Kiingereza wakakariri. Mtoto wa mchepuo wa Kiingereza na huyu wa shule ya msingi ya kijijini hawalingani tangu Kidato cha Kwanza, na pengo hilo linaingia nao hadi chumba cha usaili.

Msailiwa: Na nani atatafsiri? Swali la TEHAMA likitafsiriwa ovyo tunaumia wote. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na mnaona kazi ya kutafsiri sheria zenyewe ilivyo kubwa.

Mtoa mada: Hoja ya tafsiri ina uzito. Basi swali liwekwe kwa lugha zote mbili, ubavu kwa ubavu, kila mtu achague.

Wahindi waligombana juu ya hili hadharani. Mwaka 2011 tume yao ya utumishi, UPSC, iliingiza kwenye mchujo karatasi iliyokuwa na maswali ya ufahamu wa Kiingereza ndani yake. Mwaka 2014 vijana waliosoma kwa Kihindi wakaandamana Delhi. Alama za maswali hayo zikaondolewa kwenye hesabu, na 2015 karatasi nzima ikawa ya kufaulu tu, kwa asilimia 33. Kiingereza hakikufutwa, hapo ndipo naona walipatia. Mtihani mkuu una karatasi yake ya alama 300: usipofikisha asilimia 25 umetoka, ukivuka alama zake haziingii kwenye kupanga nani wa kwanza. Karatasi nyingine unaweza kuziandika kwa Kitamil ukitaka.

Kwa hiyo mzee, kada inayoshika mikataba iwekee karatasi ya Kiingereza, kali utakavyo. Ila usiifiche ndani ya swali la mikopo ya vijana.

Mstaafu wa manunuzi: Marahaba mwalimu. Mtoa mada, hiyo ya Wahindi nimeielewa. Lakini kada zipi? Afisa Kilimo leo yuko kijijini, mwakani anahamishiwa mradi wa wafadhili mkoani, ripoti zote Kiingereza.

Mtoa mada: Apimwe siku anahamishiwa huo mradi. Na kozi ya Kiingereza ilipiwe kwenye bajeti ya mradi, maana posho za semina huwa hazikosi fungu.