Mtoto wa baiskeli wamempeleka wapi?

Wakuu, nina hasira na sitaki kusikia "ni filamu tu". Kama hujaitazama I Know What You Did Last Summer ya 1997, pita, maana nitautaja mwisho wake.

Jana usiku nimeitazama na mpwa wangu wa miaka 15. Ilipoisha akachomoa simu kwenye chaja, akasema, "Kumbe mzee mwenyewe alikuwa muuaji. Basi wale hawana kosa." Akaenda kulala. Mimi usingizi ukaruka.

Kitabu ilikotoka filamu hiyo nimekisoma! Mwandishi Lois Duncan alikitoa 1973. Vijana wanne wanarudi usiku kutoka matembezini, Barry yuko kwenye usukani, wanamgonga mtoto wa miaka 10 kwenye baiskeli na hawasimami. Wanapiga simu ya ambulensi bila kujitaja. Mtoto anafariki. Wanakula kiapo cha kunyamaza. Halafu Julie, mmoja wa wale wanne, anatuma msibani maua ya waridi ya njano, hayana jina. Hayo maua ndiyo yaliyonimaliza. Mtu anataka kusamehewa na hataki kujulikana! Tangu hapo urafiki unaoza, kila mmoja anabaki peke yake na kile anachokijua. Na anayewaandama ni kaka wa marehemu, ambaye wameshamzoea na kumkaribisha ndani.

Sasa tazama filamu ilivyofanya. Mtoto hayupo. Anagongwa mtu mzima, wanamtupa baharini, kisha tunaambiwa hakufa, tena usiku uleule alikuwa ametoka kuua mtu. Anarudi na koti la mvua na ndoano, tunabaki kuhesabu maiti. Mzigo wote wamewatua vijana! Hata jina la yule mtoto, David, wamempa mwanamume mwingine.

Binti wa Duncan mwenyewe, miaka 18, aliuawa kwa risasi mjini Albuquerque, Marekani, mwaka 1989. Miaka minane baadaye mama huyo anakuta hadithi yake imegeuzwa burudani ya kuchinja watu. Alisema hadharani kuwa imemchukiza, na watu wakaendelea kukata tiketi.

Atakayekuja hapa kuniambia filamu "imeboresha" kwanza anijibu swali la kichwa cha uzi.

Kitabu changu kimeachia jalada, nimekifunga kwa mpira. Leo jioni nampa mpwa, na simu yake nakaa nayo mimi mpaka afike kwenye yale maua.